Mfalme wa Dhahabu Kwenye Kompyuta Yangu

Jumatatu, 3 Juni 2024

Wiki ya tatu tangu rashi ya dhahabu ianze, watu wakimiminika hapa Kemambo. Wengine wanachimba, wengine wanauza chapati, mimi naandika barua. Kila mtu na duara lake, shimo lake la riziki. Langu ni meza, printa, kompyuta moja na bango: NASHONI STESHENARI, KOMPYUTA ISIYOPATA VIRUSI. Si uongo. Shemeji yangu Otiende wa Sirari aliitoa Windows akaweka Linux, mfumo ambao alisema virusi haviujui. Alisema na mengine. Sikusikiliza.

Ashrafu, mwenye steshenari ya ng'ambo ya barabara, amenunua feni. Feni! Watu wanakaa kwake wanapepewa hata wasio na cha kuprinti.

Wateja wangu wa kweli hawawezi kuhama. Kazi zao zote zimo kwenye kompyuta yangu, na mimi sitoi faili kwa flashi. Mteja akishika flashi, kesho yuko chini ya feni.

Mama Mokami ameomba tena faili lake leo. Ni katibu wa Tusichoke, kikundi cha wanawake arobaini na mmoja wanaookota mawe kwenye maduara ya watu. Wanaomba leseni ya kipande chao wenyewe. Maombi yafike mjini Ijumaa kabla ya saa sita mchana, la sivyo kipande kinakwenda kwa tajiri mmoja ambaye hajawahi kuinama. Nimemwambia faili liko salama. Ameuliza, salama wapi? Wazee wana maswali.

Jumanne, 4 Juni

Dawa ya feni imepatikana. Kuna tovuti yenye mandhari za kompyuta, zimetengenezwa na watu tu kama mimi na kuwekwa bure. Moja nimeipenda. Jina lake nalitafsiri Mfalme wa Dhahabu. Ukiiweka, kila kitu kinabadilika: kioo, alama za mafaili, hata mshale unakuwa sururu inayometa. Mchimbaji gani ataona sururu ya dhahabu akakumbuka feni?

Juu ya ukurasa kuna onyo. Eti mandhari za watumiaji hazikaguliwi na zinaweza kuendesha amri ndani ya kompyuta. Safi. Nyumbani kwangu hakuna anayefuata amri, angalau kompyuta ifuate.

Nimempigia Otiende nimtambie.

"Bro, wachana na hiyo kitu," akasema. "Theme ya mtu hujui ni programu ya mtu hujui. Inaweza kukufutia kila kitu, na hiyo si virusi, ni wewe umeifungulia mlango. Kwanza weka copy kwa flash."

Wivu. Anashinda mpakani akihangaika na makaratasi ya malori, leo anifundishe kompyuta. Ni kweli ndiye aliyeniwekea Linux, lakini hilo ni jambo lingine.

Imepakuliwa mara elfu tatu. Watu elfu tatu hawawezi kukosea. Mke wangu Felistas ameuliza hao elfu tatu wamesema nini baada ya kuiweka. Maoni yapo, marefu, yana herufi kubwa nyingi. Sijayasoma.

Jumatano, 5 Juni

Saa tatu asubuhi nimeiweka. Haikuomba hata neno la siri. Mwenye nia mbaya angeomba.

Uzuri wake! Kioo kizima kinawaka. Watu sita wamehama kutoka kwenye feni kuja kuangalia. Nimewahesabu mara mbili, na Ashrafu kaniona nikiwahesabu.

Mama Mokami kaja kuchukua maombi yake. Nimemwamkia shikamoo, nikamgeuzia kioo apate baraka.

"Nashoni," akasema, "sisi jiwe linalong'aa hatuliamini mpaka lichomwe."

Nimecheka. Nimefungua folda ya Tusichoke. Tupu. Nimefungua ya shule. Tupu. Ya kanisa, tupu. Mikataba, katiba, barua za mapenzi za mteja wangu Filemoni, miaka minne ya kazi, yote tupu, na kila folda tupu ina taji.

Nimetangaza kwamba mtandao uko chini. Mama Mokami ameuliza faili lake linakaa mtandaoni tangu lini.

Alhamisi, 6 Juni

Otiende amekagua kwa simu. Mtengenezaji hakuwa hata mwizi. Aliandika amri ya kufuta mafaili ya zamani ya mandhari yake, akakosea mstari mmoja, amri ikafuta yangu yote. Hayarudi. Nimemwambia mwizi angekuwa na heshima zaidi.

Mama Mokami kafika saa mbili. Nimemweleza faili limejificha. Hakugomba, na hilo ndilo limenitisha. Aliuliza tu zile karatasi nilizokuwa naharibu wakati wa kuprinti huwa zinakwenda wapi. Nikasema namuuzia Atieno, wa karanga, anafungia. Akaondoka bila kuaga.

Kuanzia saa tatu hakuna mwanamke wa Tusichoke asiyekula karanga. Wamenunua sinia zima. Wanakunjua kila kifungashio, wanasoma, wanatafuna. Ukurasa wa tisa wameutoa kwenye mfuko wa shati la Filemoni. Karatasi zimepangwa sakafuni kwa Ashrafu, kumi na nne, zina mafuta na chumvi, na yeye anaandika upya. Amezima feni ili zisiruke.

Hapo nimeona aibu. Kweli kabisa, aibu ya kuchoma kifuani. Imekaa kama dakika kumi.

Ijumaa, 7 Juni

Pikipiki imefikisha maombi mjini saa tano na dakika arobaini. Yamepokelewa, yamegongwa muhuri. Wanawake wamepita mbele ya duka langu wakiimba, na kila mmoja alikuwa akiangalia upande wa pili wa barabara.

Ashrafu anampa kila mteja faili lake kwenye flashi yenye kamba ya kuvaa shingoni. Kujionyesha tu.

Jumapili, 9 Juni

Mama Mokami kapita baada ya ibada. Kumbe ana moyo: amenipa kazi. Nimwandikie Ashrafu barua ya shukrani, maana Ashrafu hawezi kujiandikia mwenyewe. Nimeiandika, kurasa mbili, nikiuma meno. Kaniwekea flashi mezani, anataka faili lake. Nimemwambia kesho. Huyu nikimpa leo, simwoni tena.

Halafu nimetulia nikachambua kosa langu. Kosa lilikuwa dhahabu. Dhahabu inavuta shari, kila mtu hapa anajua. Nilihitaji kitu cha ulinzi. Nimerudi kwenye tovuti na nimekipata: Ngome ya Chuma. Kila folda ina kufuli, mshale ni ufunguo. Mtengenezaji ni yule yule wa Mfalme, na hilo limenipa imani, maana makosa yake ameshayamaliza kwangu.

Na hii si ya ovyo kama ile. Hii imeomba neno la siri. Nimeandika.