Ugonjwa Niliouchagua Mwenyewe

Jumatatu, 5 Juni 1995
Orodha ya mafunzo ya vitendo imebandikwa. Elinaza, mwenzangu darasani, kapangiwa zahanati ya Mwenge: koti jeupe, kiti, feni. Mie, Marijani, nimepangiwa Tandale. Kukagua vyoo. Mie mzaliwa wa Magomeni, na yeye kateremka basi la Same juzi tu. Hiki nacho ni chuo cha afya: vyumba viwili juu ya ghala la mitumba, na kibao kinachosema "cha Kimataifa". Mama ameshatangaza mtaa mzima kuwa nasomea udaktari. Jana jirani kaniletea kuku anayechechemea. Sikumkatisha tamaa.

Jumanne, 6 Juni
Njia imepatikana. Mwenye cheti cha ugonjwa hapewi kazi ya kuinama. Nimechukua kitabu kikubwa maktabani, yaani kabatini, nikatafuta ugonjwa unaomkataza mtu kuinama na kunyanyua vizito. Upo. Jina la Kilatini, refu, la heshima: prolapsus uteri. Maelezo ni Kiingereza kingi, sikuona haja ya kuyamaliza. Cheti nimekiandika mwenyewe kwa mwandiko mbaya, kama wa daktari kweli.

Jumatano, 7 Juni
Nimempelekea mwalimu wetu, Sista Jovina, muuguzi mstaafu. Nikamwamkia shikamoo kwa sauti ya mgonjwa, mkono kiunoni. Akasoma cheti mara mbili, akavua miwani. Akauliza ninao tangu lini. Nikasema miaka mitatu. Akauliza kama upo katika ukoo. Nikasema marehemu baba alikuwa nao, na alivumilia sana. Akainamia meza kitambo, mabega yakimtikisika. Nadhani alikuwa analia. Kaniomba kesho niueleze darasani, maana tangu aanze kazi hajakutana na mgonjwa kama mie. Mama wa watu, ana moyo laini.

Alhamisi, 8 Juni
Nilisimama mbele ya darasa. Raudha, binti ninayetaka anione, kakaa safu ya kwanza. Nikautaja ugonjwa wangu kwa sauti kubwa. Elinaza akanyoosha kidole, akauliza kwa upole kabisa, "Braza, umejifungua mara ngapi?" Darasa zima likaangua kicheko. Sista Jovina akageukia ubao, akaandika kwa Kiswahili: kushuka kwa kizazi. Raudha akatoka nje, akarudi anafuta machozi, akatoka tena. Sista kasema akiona cheti kingine cha kughushi, chuo nitakisikia redioni. Jumatatu naanza Tandale.

Jumanne, 13 Juni
Siku ya pili ya vyoo. Nilikuwa mlangoni, daftari mkononi, leso puani. Mama akatokea na kapu, anatoka sokoni na Bi Zubeda wa mtaani kwetu. Tukatazamana. Bi Zubeda akauliza daktari anafanya nini pale. Mama akahamishia kapu mkono wa pili, akajibu, "Wizara imemtuma." Wakaenda zao, hakugeuka nyuma. Kusema kweli niliumia. Mama yangu hasemagi uongo.

Ijumaa, 16 Juni
Siwezi kumwaibisha mama zaidi ya hapa. Leo nimekifungua tena kile kitabu, na safari hii nimekuwa mwangalifu. Nimetafuta ugonjwa unaowapata wa kiume na wa kike sawasawa, nikasoma mstari mzima kuhakikisha. Tetanus neonatorum. Uko katika sura ya watoto wachanga, lakini hapo sioni tatizo. Mie ni kitinda mimba.