Shahada ya Kujipangia na Koti la Mkono Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Barua kutoka kwa msajili wa chuo. Mistari minne, dharau tupu. Ati huu ni mwaka wangu wa sita. Ati nimehama idara nne. Ati ifikapo Ijumaa jioni, nisipokuwa na mpango wa shahada unaoeleweka, jina langu litafutwa kwenye daftari la wanafunzi. Kufutwa! Kama chaki!

Kosa langu liko wapi? Biashara walinichosha kwa hesabu. Sheria wana vitabu vinene kuliko mto ninaolalia. Kilimo wanaamka alfajiri, jambo lisilomfaa msomi. Jiografia walinitaka nipande mlima kwa miguu, nami ule mlima nilikuwa nimeshauona kwenye picha.

Nimepitia kwa dada. Dada ni fundi cherehani, ndiye aliyenilea tangu mama afariki. Ukutani kwake linaning'inia koti langu la mahafali. Alilianza nilipoingia chuoni. Mwili tayari, kola tayari, mkono wa kulia tayari. Wa kushoto hakuna. Alisema atauweka siku atakayoiona barua ya kuhitimu kwa macho yake. Tangu hapo ameshalitanua kiunoni mara mbili. Wateja huuliza mwenye koti alipatwa na nini.

Sikumwambia habari ya msajili. Nilimwambia mambo yanakwenda vizuri. Akanitazama, kisha akarudi kwenye sindano yake.

Jioni, muujiza! Tangazo ubaoni: shahada ya kujipangia. Mwanafunzi anachukua masomo kutoka idara tatu au zaidi, anayafunga kwa swali moja analotaka kulijibu, anajitungia shahada yake mwenyewe. Masomo uliyokwisha kufaulu yanahesabiwa. Nimelisoma mara tatu. Hawa watu wameniandikia mimi.

Jumanne, 4 Machi

Nimehesabu nilichofaulu katika miaka sita. Masomo kumi na moja! Yamo kusoma ramani, ufugaji wa kuku, maadili, historia ya majengo, na somo moja kuhusu akili za wanunuzi ambalo sikumbuki kulisoma. Nimeipa shahada jina: Maarifa Jumuishi ya Maisha. Jina zito. Nikilitamka naona hata mabega yananyooka.

Limebaki swali. Swali la nini, lakini? Mtu akishajua, anauliza nini tena?

Mwenzangu wa chumbani naye anaomba shahada hiyo hiyo. Namwita Rula, maana hupigia mstari kila kitu, hata risiti ya sabuni. Ana mdogo wake wa kike asiyeona. Swali lake: ramani ya chuo itengenezweje ili mtu aisome kwa vidole? Basi anachanganya ramani, useremala na elimu maalumu. Kitandani kwake pamejaa vumbi la mbao. Amechonga kibao chenye njia zote za chuo, na vinundu mahali pa ngazi. Nilipokigusa nikachomwa na kibanzi. Huyo ndiye mshindani wangu. Seremala!

Jumatano, 5 Machi

Leo nimefanya kazi ya akili. Jopo litakaloamua maombi Ijumaa lina wahadhiri watano kutoka idara tano. Mjinga angeandika andiko moja. Mimi nimeandika matano, kila mmoja na lake, jina lake juu pembeni. Mhadhiri wa ramani nimemwambia ramani ndiyo roho ya shahada yangu, na ufugaji wa kuku ni kazi ya mikono tu. Mhadhiri wa kuku nimemwambia bila kuku hakuna ustaarabu, na maadili ni maneno ya watu walioshiba. Mhadhiri wa maadili nimemwambia wengine wote ni mafundi tu, yeye pekee ndiye mwanazuoni. Na kadhalika. Kila mmoja nimemvika kilemba cha ukoka, na kila kilemba kimemkaa sawasawa.

Nimeyatia yote kwenye bahasha moja na kuipeleka kwa Mama Mhuri, katibu muhtasi wa kitivo. Mwanamke huyu hufikiri ameajiriwa ili asalimiwe. Kila anayeingia hutoa shikamoo kwanza ndipo aseme shida yake. Mimi nikaitupa bahasha mezani. Akaichungulia, akauliza kama nina hakika karatasi zote hizi ziende kwa jopo zilivyo. Nikamwambia kazi yake ni kugonga mhuri, si kuhoji wasomi. Akasema haya, mwanangu. Akagonga.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya mapumziko. Nimestahili.

Rula hakulala vizuri. Akanijia asubuhi, akaomba ushauri. Hofu yake ni kwamba mdogo wake hupotea akifika kwenye ngazi za maktaba, na bado hajui azichonge vipi. Nikaona mlango umefunguka. Nikamshauri aliambie jopo wazi, tangu mwanzo, kwamba jibu hana. Akanishukuru kwa mikono miwili. Karibu nimwonee huruma.

Mchana nikaenda kwa dada kumhimiza aanze mkono wa kushoto, maana kesho ndiyo kesho. Akasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamuuliza mwongo ni nani hapa. Akasema hakumtaja mtu, yeye anatia uzi tu. Dada zangu wengine wangekuwa na imani zaidi, kama ningekuwa nao.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika nikiwa nimejifunga shuka mpaka kichwani.

Rula alianza. Kupitia mlangoni nilimsikia akisema jibu hana. Nikatabasamu. Kisha nikasikia mwenyekiti akisema vizuri sana, hiyo ndiyo sababu ya kusoma. Wakakipapasa kibao wote watano, macho wamefumba, wakicheka kama watoto. Dakika kumi. Amepita.

Nikaingia. Mbele ya kila mhadhiri kulikuwa na karatasi tano. TANO! Mama Mhuri ana utaratibu wake: kilicho ndani ya bahasha hunakiliwa chote, kila mjumbe apate chote. Alikaa pembeni akiandika kumbukumbu, uso mkavu.

Mhadhiri wa kuku akasoma kwa sauti kwamba ufugaji wake ni kazi ya mikono tu. Mhadhiri wa maadili akasoma kuhusu walioshiba. Mwenyekiti, yule wa ramani, akaniuliza ninaliamini andiko lipi. Nikasema yote. Akauliza tena, taratibu, ni kitu gani hasa nataka kujua. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Miaka sita, masomo kumi na moja, na hakikutoka kitu. Halafu nikajisikia nikisema kwamba nataka dada yangu amalize koti.

Mwenyekiti akaweka kalamu chini. Akaniuliza koti gani, nikaeleza lote, mpaka la kiunoni. Niliona aibu, na aibu yenyewe haikuwa ya maandiko.

Uamuzi: nimepewa muhula mmoja. Mlezi wangu wa masomo ni mhadhiri wa kuku. Kila siku alfajiri niwe bandani, nitazame, na kabla ya muhula kwisha nilete swali moja la kwangu mwenyewe, la kweli. Jina langu litabaki daftarini. Mama Mhuri akaliandika palepale, kwa penseli, na kifutio akakiweka karibu.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia dada kila kitu. Karibu kila kitu. Hakunigombeza. Alikata kitambaa, akaweka mkono wa kushoto mbele ya macho yangu. Nikalivaa koti. Mikono miwili! Nilijitazama kiooni hadi akaniambia nitoke kwenye mwanga. Ndipo nikaona ameushikiza tu, kwa ule uzi mweupe wa muda unaofumuka ukivutwa mara moja. Akasema uzi wa kweli anao kwenye mtoto wa meza, na alfajiri zangu bandani atazihesabu mwenyewe.

Nimetafakari sana. Lazima mtu ajifunze kutokana na makosa.

Nimegundua mambo mawili. Kwanza, habari ya koti iliwalainisha vibaya. Muhula ujao nitaianza mapema, na nitalia. Pili, mpango wangu haukuwa na kasoro hata moja isipokuwa bahasha. Mtu mwenye akili hatii maandiko matano kwenye bahasha moja.

Mhadhiri wa kuku nimeshamwandikia barua kumweleza kwamba kuku wanaweza kuchunguzwa vizuri zaidi kinadharia, kutoka kitandani. Nimemsifu sana. Wale wengine wanne nimewaandikia kumlalamikia yeye.

Nimenunua bahasha tano. Kesho asubuhi Rula atanipelekea zote kwa Mama Mhuri.