Pazia la Kituo cha Mama Ukungu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe. Mheshimiwa Naibu wangu, uliyenishikia miwani. Waheshimiwa wakurugenzi, wakurugenzi wasaidizi, wanaokaimu ukurugenzi na wale wanaoumezea mate. Viongozi wa dini zote mliofika na mliotuma udhuru. Wenzetu wa vyombo vya habari, sogeeni mnipige picha upande huu wa shavu. Stekiholda wote wa sekta ya mimea. Ndugu wakulima wa nyanya mliokaa juani kule nyuma. Na kwa namna ya pekee kabisa, mama yetu, bibi yetu, mwanasayansi wetu, Daktari Mama Ukungu! Itifaki imezingatiwa, na pale ilipogoma kuzingatiwa, naamuru ihesabiwe imezingatiwa. (Makofi. Mama Ukungu, bibi mwembamba wa safu ya mbele, hapigi. Amepakata kiboksi kitupu cha kuhifadhia baridi na amekishika kwa mikono miwili.)

Nasimama mbele yenu nikiwa na furaha isiyopimika, ingawa wizara yangu imeipima na kupata asilimia mia moja na nne. Leo hii, baada ya mchakato shirikishi, upembuzi yakinifu, upembuzi wa huo upembuzi, pamoja na semina elekezi ya hotelini ambako mimi binafsi nilivumilia godoro laini kupita kiasi, tunazindua Kituo cha Kisasa cha Afya ya Mimea, kilichopo nyuma ya pazia hili la bluu, chenye maabara, vyumba vya baridi, mitambo ya kidijitali na jina la mama huyu juu ya mlango! (Makofi. Pazia linapepea. Mkulima mmoja: "Mbona upepo unatokea ndani?") Hicho ni kiyoyozi, ndugu yangu. Tuwe tunazoea maendeleo.

Sasa, mama huyu ni nani? Nimeandaliwa wasifu wake na nitausoma huku nikiuboresha. Alipokuwa msichana, wenzake wakichuma maua, yeye alichuma majani yaliyougua na kuyaficha chini ya godoro, mpaka mama yake mzazi akapiga kelele, "We mtoto, unatuletea balaa gani humu ndani?" Akasoma, akafaulu, akawa mwanamke wa kwanza kuajiriwa kwenye kituo cha utafiti kuchunguza magonjwa ya mimea. Siku ya kwanza kabisa, mkuu wa kituo akamwelekeza jikoni akachemshe chai. (Wanawake: "Aaa!") Tulieni, akina mama, alichemsha. Ila pembeni ya birika, imeandikwa hapa, alikuwa anachemsha pia rojo la viazi na sukari, kile chakula cha kuoteshea ukungu, na mkuu wa kituo, kwa haraka zake, akamimina rojo akanywa kikombe kizima, akasifu. (Vicheko virefu. Mama Ukungu: "Akaomba na cha pili!") Kuanzia siku hiyo hakutumwa chai tena. Huo, ndugu zangu, ndio uwezeshaji wa wanawake, sera niliyoiasisi mimi, japo wakati huo nilikuwa bado sijazaliwa.

Wakulima, mnaujua ugonjwa ule wa nyanya kunyauka. Asubuhi shamba limesimama, jioni limelala chali. Mama huyu alizunguka shamba kwa shamba, na kila anapoingia na kutoka anachovya viatu kwenye ndoo ya dawa ili asiuhamishe ugonjwa kwa jirani. Watu wakamcheka, wengine wakamwita mchawi. Hata mtangulizi wangu ofisini alipokwenda kukagua, mama huyu alimsimamisha langoni, akamwambia, "Chovya au vua." Mheshimiwa akaona viatu vyake ni vya ngozi, akavua, akakagua shamba zima kwa soksi iliyotoboka kidoleni. (Vicheko. Wakurugenzi wanachungulia viatu vyao.)

Naendelea. Akagundua kwamba ugonjwa huo unaletwa na ukungu unaojificha udongoni. Akagundua tena kwamba upo ukungu mwingine, wa kijani, unaoula huo mbaya. Akautafuta miaka na miaka, akaupata, akautunza ukiwa hai kwenye visahani vya kioo ndani ya friji, akingojea maabara ya kuuzalisha mwingi uwafikie wakulima. Hapa imeandikwa, "Bila huo wa kijani, nyanya za eneo hili zimekwisha." Sijui nani kaandika sentensi ya kukatisha tamaa namna hii. Nairuka. (Mama Ukungu ananyoosha mkono. "Mheshimiwa, samahani. Mimi leo nimefuata visahani vyangu tu. Ofisi yako iliniambia vimehamishiwa kwenye kituo kipya.")

Swali zuri sana, mama, na ndilo linanifikisha kwenye mafanikio yetu ya Feizi ya Kwanza! Mwaka jana nilifanya ziara ya kushtukiza, iliyotangazwa redioni wiki nzima, kwenye chumba chako cha zamani. Nikafungua friji. Jamani! Visahani vimepangwa vizuri, safu kwa safu, na kila kimoja kimeota ukungu! Machozi yalinilenga. Nikajiuliza, kweli mtaalamu wa ngazi hii anaweka viporo mpaka vinaota manyoya, na sisi viongozi tunakula tunashiba? Papo hapo nikaagiza vyote vimwagwe na friji isuguliwe kwa maji ya moto. Na leo, kwa niaba ya wizara, nakukabidhi seti ya sahani mpya za chakula zenye maua ya waridi, pamoja na bakuli la supu na mfuniko wake! (Makofi ya wakurugenzi peke yao. Mkulima: "Katumwagia dawa yetu huyu!" Mama Ukungu amefumba macho. "Umenimwagia maisha yangu, mwanangu," anasema. "Maisha yangu yote.") Usinishukuru, mama. Ni wajibu.

Naona wengine mmenuna. Mnanong'ona kwamba nimeua nyanya. Mimi siongei maneno matupu, naongea takwimu! Tazameni hapa mezani kwangu. (Anainua nyanya nyekundu, kubwa kuliko ngumi yake.) Msimu huu mashamba yenu yamenyauka, sibishi. Lakini hizi zimejiotea zenyewe kwenye shimo la taka nyuma ya ofisi yangu, pale pale tulipomwaga vile viporo, bila mbolea, bila dawa, na miche imenifika kiunoni! Hii inathibitisha nini? Inathibitisha kwamba uongozi bora, ukichanganywa na usafi wa mazingira katika fremuwaki moja... (Mama Ukungu amesimama. "Umevimwaga wapi?") Nyuma ya ofisi, mama, karibu na tangi la maji, lakini usinikate kauli, nilikuwa kwenye fremuwaki. ("Na nyanya zimeota hapo hapo?") Hapo hapo! Mbona husikii? Mimi nazila kila siku!

(Mama Ukungu anapiga kelele ya furaha kama msichana. Anamkumbatia mkulima aliye karibu naye, anacheka, machozi yanamtiririka. "Haujafa, jamani! Umeingia ardhini, unafanya kazi! Leteni mifuko tukachukue ule udongo! Na ndoo ya dawa itangulie, hakuna kuingia pale bila kuchovya viatu!" Viti vinaanguka. Wakulima wanatoka mbio, wengine wanapita chini ya meza kuu. Nyanya za mezani zinaondoka nao.)

Ndugu wananchi! Mbona mnainuka kabla ya kipengele cha soda? Rudini! Katibu, andika kwenye kumbukumbu kwamba umma wote ulisimama kwa heshima yangu. Sasa tuitikie kaulimbiu. Nikisema "Mimea yenye afya," nyinyi mnasema "Taifa lenye siha!" Mimea yenye afya! (Kiti kimoja zaidi kinaanguka.) Friji safi! (Naibu, peke yake: "Taifa lenye siha.") Safi sana, mwitikio umeniridhisha.

Kwa kuhitimisha, shukrani. Namshukuru kwa dhati fundi aliyetuchorea Kituo hiki kwenye turubai lililopo nyuma ya pazia, kwa sababu bila yeye tusingekuwa na Kituo chochote, maana baada ya semina hatukubakiwa hata na tofali. Namshukuru mwenye pazia, na namwomba asilikunje vibaya, kesho asubuhi tunalizindulia hospitali. Nawashukuru wenye uwanja, walioniarifu kwamba tupishe kabla ya mechi. Na kwa namna ya pekee namshukuru Mama Ukungu, ambaye seti yake ya sahani ameisahau hapa. Asanteni sana kwa kunisikiliza. Dereva, leta gari! Dereva!

(Naibu anamkabidhi miwani. "Dereva kaenda shimoni, Mheshimiwa. Naye analima nyanya." Kisha anainama, anachukua mfuko mtupu chini ya kiti. "Hata mimi nalima.")