Ubao Uliofunikwa Shuka

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati, Makamu wake, Kaimu Makamu, ambaye ni mimi mwenyewe, walimu, wazazi, na ninyi mliokosa viti: hamjambo! (Hatujambo!) Hamjambo tena! (Hatujambo! Anza basi!)

Mimi, Mkurugenzi wa Masomo ya Mtandaoni, nimesimama kuzindua ubao wa kidijitali, huu mnaouona umefunikwa shuka, ambao wanafunzi wote, kila mmoja akiwa nyumbani kwake, wataandika juu yake kwa wakati mmoja, wachoreane vikaragosi, wataniane, wafahamiane, kwa mujibu wa fremuweki shirikishi ya muunganiko endelevu niliyoibuni mimi, nikaipitisha mimi, na kwa ajili yake nimejipongeza mimi. (Makofi, mstari wa mbele tu.) Utafiti wangu unaonyesha kwamba upweke wa wanafunzi umeshuka kwa asilimia mia moja na nne. (Mama mmoja: "Umeshukia wapi?") Chini, mama. Chini kabisa.

(Mama anasimama, simu mkononi: "Mheshimiwa, binti yangu yuko hapa kwenye simu. Muhula wa pili huu anasoma peke yake chumbani, hajui hata jina la mwenzake mmoja. Leo kachana nywele kabisa, anasubiri kuandika salamu. Aandike wapi?")

Swali zuri, nami nitalijibu kwa kulipokea. ("Aandike wapi?") Mama, hii ni awamu ya uzinduzi, awamu ya kuandika ina kamati yake.

(Kelele. Baba mmoja: "Dada, lete simu huku, wangu naye yuko hewani!" Simu zinatoka mifukoni, zinapangwa juu ya meza kuu. Sauti za watoto: "We nani?" "Mimi ni yule anayekaa kimya." "Kumbe ni wewe! Sisi tulidhani huwa umelala!" "Nilidhani ninyi ndio mmelala!" Vicheko. Mama anajifuta macho kwa kanga.)

Naam! Huo ndio muunganiko niliousema! Mpiga picha, simu zisionekane, mimi nionekane. ("Funua shuka!") Shuka lisiguswe! Ubao oyee! (Wazazi wameinamia simu.) Muunganiko juu! (Watoto: "Nani huyo anatupigia kelele?")

Kwa kumalizia, namshukuru fundi seremala aliyetuazima mlango ulio chini ya shuka hili, na nawashukuru ninyi watoto kwa kufahamiana mapema, maana sasa nitaandika katika ripoti kwamba mradi umefikia malengo yake yote, na kwa hiyo hatuna tena sababu ya kuuanza.