Gavana wa Sanduku la Ndagoni

Jumatano, 17 Septemba 2025. Mawingu, manyunyu mpaka saa mbili.

Redio imeeleza kazi ya gavana wa benki kuu. Hakuna aliyempigia kura. Anaamua faraghani na wenzake, kisha bei zinamsikiliza. Chai ikapoa mkononi.

Ndicho kinachokosekana kwenye sanduku letu la wanawake wa mwani. Makufuli matatu, funguo kwa watu watatu, na kila Ijumaa linafunguliwa juu ya jamvi mbele ya wanachama wote ishirini na wawili. Benki gani hiyo?

Na Mfaume wa dukani amepandisha bunda la kamba za mwani, kutoka elfu kumi na mbili hadi kumi na tano. Sababu naijua. Fedha zimezidi mikononi mwa watu. Mimi ndiye katibu, nitachukua hatua.

Alhamisi, 18 Septemba. Jua, upepo kidogo.

Ufunguo mmoja ninao. Bi Sihaba, mwenyekiti, nimempa shikamoo ya heshima zote, nikasema makufuli yana kutu, nataka kuyatia mafuta. Marahaba, akanipa wake. Kidawa, mwenye ufunguo wa tatu, alinitazama mpaka nikaanza kusoma dua kimoyomoyo. Akautoa, akasema haya shoga, ila hayo mafuta yasije yakalamba na pesa.

Nimebandika tangazo mlangoni kwangu, sanduku liliko. Kesho sanduku halifunguliwi. Mkopo ni mara mbili ya hisa, si mara tatu. Saini: Gavana.

Kidawa amekuja mbio. Bila mara tatu hafikishi pesa za kamba za kupanda Jumapili, bamvua la mwezi mwandamo likitoa maji mbali. Nimemjibu benki kuu haisikilizi mtu mmoja mmoja. Akasema bamvua nalo halimsikilizi gavana.

Ijumaa, 19 Septemba. Joto tangu alfajiri.

Neno limeenea: halifunguliwi, basi halina kitu. Baada ya sala walijaa uani kwangu, wote na kadi zao, wanataka chao. Niliwaeleza uhuru wa benki kuu kwa dakika kumi. Bi Sihaba akaniambia, mwanangu, sisi hatukuweka pesa kwako, tuliweka mbele ya macho yetu.

Jamvi likatandikwa. Kidawa akahesabu kwa sauti. Haikupungua hata shilingi. Hata hivyo wakanyoosha mikono: funguo nimenyang'anywa, Kidawa ndiye katibu, mkopo umerudi mara tatu. Mimi nimepewa kazi ya kutandika jamvi.

Jumamosi, 20 Septemba. Kweupe, bahari shwari.

Ushindi! Mfaume alisikia sanduku limekauka, akaogopa kamba zitamdodea. Ameshusha hadi elfu kumi na moja. Kidawa amenunua za kumtosha na chenji juu. Bei imenisikiliza, siku tatu tu za ugavana.

Nilimwambia namdai shukrani ndogo tu, yaani anishukuru. Akasema nitandike jamvi vizuri, jana kona ya upande wa kibla ilijikunja.

Nimelifikiria hilo jamvi tangu magharibi. Anayekaa juu yake ndiye anayenyoosha mkono. Anayetandika ni mimi. Kesho namwagiza Shamsa, msukaji wa majamvi, anisukie jipya, la watu wanane tu, na wa kukaa nitawachagua mimi.

Nalala, saa nne na robo.