Ala Kumi na Mbili za Mzee Jaffar

Jumatano, 25 Machi 1998

Wiki ya pili ya kazi ya ngozi. Nina miaka arobaini na moja. Kwa miaka kumi na tatu nilikuwa karani wa kampuni ya kahawa, nikipiga mihuri na kuandika barua za Kifaransa kisicho na doa. Kampuni imefungwa. Sasa niko mtaa wa Cibitoke, kwenye karakana ya Mzee Shaabani, najifunza kushona ala za visu. Mkono uliozoea mhuri utashindwaje na cherehani?

Mambo yako hivi. Mzee Shaabani ana cherehani moja tu ya ngozi, na macho yake yanafifia. Baada ya Idi anahamia Uvira kwa mwanawe. Cherehani haondoki nayo. Atamwachia mmoja wa wanafunzi wake wawili, na huyo ndiye atakayekalia kiti na kuitwa fundi. Wanafunzi wenyewe ni mimi na Nura, mtoto wa dada yake, mjane aliyekuja kutoka Kinama baada ya nyumba yake kuungua. Alianza siku nne nyuma yangu. Kwa hiyo mimi ni mkubwa wake kazini.

Caritas, mke wangu, amesema wazi: nisipokikalia kiti hicho kabla ya Pasaka, tunahamia Carama kwa kaka yake Salvator, nikalime shamba lake. Salvator! Mtu anayewaita wenzake kwa mluzi. Afadhali nitafune ngozi.

Leo tumeshona karatasi. Bila uzi! Mzee anachora mistari kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, nawe unaipitisha chini ya sindano ili matundu yafuate mstari. Matundu ya Nura yalifuata mstari. Yangu yalikwenda matembezi. Nilimweleza mzee kwamba karatasi si ngozi. Akakubali, akasema karatasi ni rahisi zaidi.

Ijumaa, 27 Machi

Mpango! Saa sita mzee na Nura wanakwenda msikitini. Mimi Mkatoliki, ninabaki na karakana. Nitajifunza kwa saa moja kile ambacho wao wanataka nijifunze kwa mwezi.

Walipoondoka nikachukua ngozi halisi, nene, nikatia uzi, nikakanyaga. Mstari wa kwanza safi. Wa pili safi. Nilitamani mtu apite anione. Kwenye kona nikaivuta ngozi kwa nguvu ili igeuke. Tak! Sindano imekatika, nusu yake imo ndani ya ngozi.

Ni lazima nieleze kuhusu sindano. Tangu nchi jirani zitufungie mipaka, sindano za ngozi hazionekani mjini. Mzee alikuwa nazo nne, kwenye kopo, ndani ya kitambaa cha mafuta. Wageni wakija huwaonyesha. Sasa anazo tatu.

Niliporipoti nilisema imekatika yenyewe. Mzee hakugomba. Aliuliza tu kama kwenye kona sindano ilikuwa juu au chini. Nikasema sikumbuki, labda katikati. Akaniketisha, akanionyesha: unazungusha gurudumu kwa mkono hadi sindano izame, unainua mguu wa cherehani, ule unaobana ngozi, ndipo unaigeuza ngozi polepole. Nura alikuwa akilijua hilo tayari. Nani alimwambia? Huu ni upendeleo wa kiukoo. Nura anadai mzee alitueleza wote wawili Jumanne, wakati nikimsimulia habari za mihuri.

Jumatatu, 30 Machi

Leo amekuja Mzee Jaffar na gari lake. Ana duka kubwa mjini, ukoo wake ulitoka Omani zamani za mababu, na kila Idi ya kuchinja hutoa ng'ombe kwa ajili ya maskini. Ana wachinjaji kumi na wawili. Mwaka huu amewanunulia visu vipya, vyote namna moja, na anataka ala kumi na mbili. Kwao kisu cha kuchinjia hunolewa sana na mnyama hatakiwi kukiona kabla ya wakati wake. Ndiyo maana anataka ala nzuri, isiyofunguka njiani. Ametuachia kisu kimoja cha kipimo.

Mzee Shaabani amegawa kazi: sita zangu, sita za Nura. Jumamosi mchana gari la Mzee Jaffar litakuja kuzichukua, pamoja na barua ya kupitia bariyeri, kizuizi cha askari. Mzee Jaffar ndiye atakayesema za nani zimemridhisha zaidi. Mwenye ala hizo anakalia kiti.

Nimefika nyumbani, nimemwambia Caritas kiti ni changu. Akauliza kama nimeshashona ala hata moja. Mwanamke huyu hana imani.

Jumatano, 1 Aprili

Saa tisa alasiri nilikuwa nimemaliza ala zote sita. Nura alikuwa na mbili!

Siri yangu ni hii. Ala ni vipande viwili vya ngozi, na katikati yake, upande wa makali, hutiwa ukanda mwembamba wa ngozi ngumu. Hapa karakana tunauita mlinzi. Unaukata, unaupaka gundi, unasubiri ukauke, kisha unashona tabaka tatu kwa pamoja. Nusu ya siku inaishia hapo. Nikajiuliza ni nani anayemwona huyo mlinzi. Hakuna. Nikamwacha. Nilipomaliza nilisimama karibu na Nura nikijinyoosha mgongo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mzee akachukua ala yangu ya kwanza, akatia kisu, akakichomoa, akakitia tena. Mara ya tatu nyuzi zote za upande wa makali zilikuwa zimekatika na ala ikafunguka kama kitabu. Ya pili vivyo hivyo. Hakuwa na haja ya kujaribu ya tatu, lakini aliijaribu, na ya nne, hadi zikaisha.

Nikasema nitazishona upya. Akanionyesha kwa kidole: nguo unaweza kuifumua ukashona tena, tundu la ngozi halizibi. Ukipitisha sindano hapo mara ya pili ngozi inachanika mstari mzima. Kwa hiyo natakiwa kukata ngozi mpya, na ngozi yangu imekwisha. Nura amenipa yake iliyobaki, bila kuombwa. Nimeipokea. Sikumshukuru sana, asije akazoea.

Ijumaa, 3 Aprili

Sita zimekamilika. Zina mlinzi! Kwenye kila kona nilizamisha sindano chini, nikainua mguu, nikageuza polepole huku nikibana pumzi. Mzee amepitisha dole gumba kwenye mishono yangu yote na hakusema kitu. Kutoka kwake hiyo ni hotuba ya pongezi.

Lakini nimeziona za Nura. Mishono imelingana yote, kuanzia mdomoni hadi nchani. Nina wivu, nasema wazi, hakuna anayesoma daftari hili. Mzee amefunga zake kwa uzi mwekundu na zangu kwa uzi mweupe. Mzee Jaffar akiziona fungu kwa fungu, nimekwisha. Na jana Salvator alituma salamu kwamba jembe langu ameshalitia mpini.

Basi, mpango. Sisubiri gari. Kesho asubuhi nazipeleka mwenyewe, nyuzi nazikata, nazichanganya zote, nasema ni kazi ya karakana, kwa maana ya kazi yangu. Na kisu cha kipimo? Hapa ndipo akili inapohitajika. Mtu mwenye kisu hapiti bariyeri siku hizi. Nimekifunga kwenye gazeti na kukisukuma nyuma ya kabati. Nitabeba ala tupu. Hakuna askari anayeogopa ngozi.

Jumamosi, 4 Aprili

Naandika nikiwa nyumbani, mzima. Hilo kwanza.

Saa mbili mzee alikuwa ametoka kutafuta gundi na Nura alikuwa uani akichemsha chai. Nikakata nyuzi za mafungu, nikatia ala zote kwenye gunia, nikaondoka kwa miguu hadi bariyeri ya darajani. Kaporali mmoja akafungua gunia. Akazipanga ala chini, moja moja, akazihesabu mara mbili. Kisha akaniuliza, tena bila ukali.

"Ala kumi na mbili. Bisu kumi na mbili biko wapi?"

Nikasema sina kisu hata kimoja. Nilisema kwa fahari, maana ndiyo ilikuwa akili yenyewe. Akasema hilo ndilo linalomsumbua. Ala tupu maana yake kisu kimeshachomolewa. Watu kumi na wawili wako mahali fulani na visu wazi, na mimi natembea na ala zao. Nikasema visu havijachomolewa, havijawahi hata kuingia. Akauliza basi nilipimaje. Nikasema kwa kisu kimoja. Akauliza kiko wapi. Nikasema nimekificha.

Neno hilo halikuwa zuri. Nikakalishwa chini, nyuma ya mifuko ya mchanga.

Alfajiri risasi zilikuwa zimesikika kutoka milimani na askari hawakuwa na utani. Niliogopa sana. Nilimfikiria Caritas, nikamfikiria binti yetu Chanelle, nikamfikiria hata Salvator. Nikamtaja Mzee Jaffar, kaporali akamtuma mtu wa baiskeli kwenda dukani kwake. Kisha akauliza ni nani aliyezishona.

Hapo niliona wazi kwamba mshonaji ndiye atakayesumbuliwa. Nikasema si mimi, mimi mbebaji tu, sijui kushona hata kifungo. Zote kumi na mbili ni kazi ya mwanamke wa Cibitoke anayeitwa Nura.

Akaanza kuandika maelezo. Mwandiko mbaya! Kifaransa kibaya zaidi! Anaandika, anafuta, analamba kalamu. Nikavumilia mistari mitatu, kisha nikamwomba aniachie. Nikaandika ukurasa mzima, na nafasi pembeni kama inavyotakiwa, kwamba mimi niliyetia sahihi hapa chini sina ujuzi wowote wa kushona ngozi kwa cherehani, sijapata kushona ala hata moja maishani mwangu, na kwamba kazi yote ni ya Nura peke yake. Nikasaini. Akapiga mhuri, ukapinda. Nikamwonyesha namna ya kuushika, akarudia.

Mzee Jaffar akafika kutoka mjini na ile barua yake na kimojawapo cha visu vyake. Karibu wakati ule ule Mzee Shaabani na Nura wakatokea kutoka Cibitoke kwa miguu, wakinitafuta. Kaporali akamuuliza Nura kwa nini mchinjaji ahitaji ala. Nura akamsogelea. "Kwetu munyama asione kisu mbele ya saa yake," akasema.

Mzee Jaffar akaokota ala moja kwenye lundo. Akatia kisu, akachomoa, akatia, labda mara kumi. Uzi ukashika. Akachukua nyingine, na nyingine. Akairudia ile ya kwanza, akasema hiyo ndiyo inayokamata kisu vizuri kuliko zote. Akauliza fundi wake ni nani.

Ilikuwa yangu! Naijua. Mdomoni mwa ala nilifunga fundo mara tatu kwa woga.

Nura naye aliijua. "Iyi ni ya Baba Chanelle," akasema. "Sita ni za ye, sita ni za mi."

Kaporali akainua karatasi yangu, akanitazama. Nikapiga hesabu upesi. Kama sita ni zangu, basi nimewadanganya wanajeshi, kwa maandishi, chini ya mhuri.

"Apana," nikasema. "Zote ni za ye."

Mzee Shaabani akaomba asomewe karatasi. Kaporali akaisoma kwa sauti, yote, na wapita njia wakasimama kusikiliza. Mzee akauliza kama sahihi ni yangu. Nikasema ndiyo.

"Basi we mwenyewe umemaliza maneno," akasema, akamkabidhi Nura gunia ampe Mzee Jaffar kama fundi.

Tuliruhusiwa. Nilitembea nyuma yao hadi Cibitoke. Nilikuwa nimemtaja Nura kwa askari, naye akanitetea mbele ya watu, kisha nikamkana tena. Niliona aibu kiasi kwamba masikio yalikuwa ya moto. Ingawa maelezo yenyewe, kama maelezo, yalikuwa yameandikwa vizuri sana.

Alhamisi, 9 Aprili

Nura amekalia kiti. Mzee Shaabani amemkabidhi kopo na sindano zake tatu, na Jumapili anaondoka. Wachinjaji wa Mzee Jaffar wamefurahi, na Jumanne, siku ya Idi, yeye mwenyewe Mzee Jaffar alituletea nyama hadi nyumbani. Caritas ameniambia kwamba wachinjaji wanagombania ala sita, na Nura amewajibu kwamba si yeye aliyezishona. Sikuweza kula. Baadaye nilikula.

Caritas alikuwa ameshafunga vyombo vya Carama. Nura mwenyewe ndiye aliyekuja kumwomba aniache karakana, nikate walinzi na nipeleke mizigo. Caritas amekubali mpaka mwezi wa sita, kwa majaribio. Salvator atalitumia jembe mwenyewe.

Kwa hiyo leo nimepewa mzigo wa kwanza. Wauza nyama wa Kinama walileta visu tisa vya kupimwa, vimeshapimwa, wanavihitaji kesho. Ala zao bado wiki moja. Nura anasema nisubiri hadi Jumatatu, Mzee Jaffar atatuandikia barua ya bariyeri. Jumatatu! Kazi inakwenda kwa namna hiyo?

Nimekaa nikaichambua Jumamosi yote, hatua kwa hatua, kama karani. Kosa lilikuwa moja tu. Nilibeba ala bila visu, na ala tupu huwatia watu wasiwasi. Kesho saa moja asubuhi, kabla Nura hajafungua, napeleka visu vyote tisa Kinama, vimenolewa, vimo ndani ya gunia, na sibebi ala hata moja. Sasa waniulize ala ziko wapi.