Kuhusu Ua Linalotaka Mtu Apige Magoti

Muhumba, Bukavu

Kwako Bwana Préfet, mkuu wa shule yetu,

Nakuandikia kwa heshima, nikiwa nimeketi wima kama tulivyofundishwa. Nalalamikia magoti ya Mwalimu Bulonza wa biolojia.

Darasa letu lilipotembelea uwanda mkavu ulio juu ya mashamba ya mpunga, Luberizi, niliona ua dogo la zambarau limelala chini kabisa kati ya nyasi. Ni fupi kuliko kidole gumba. Nilitafuta kote, sikuona la pili. Likitambuliwa kuwa ni adimu, shule itanipeleka mimi kwenye mashindano ya sayansi. Likikosa jina, ataenda Gentil wa darasa letu na muhogo wake, mmea ambao hata mbuzi wanautambua.

1. Mwalimu alilitazama akiwa amesimama. Akasema, "Ile iko majani tu, mutoto. Panda mu basi, tunarudia." Kutoka urefu ule, hata mimi ningeonekana majani.

2. Nilipomwomba apige magoti, alijibu kwamba magoti yake ni ya kanisani. Jumapili nilimwangalia kanisani. Aliketi.

3. Gentil sasa ananiita "Docteur Majani". Kosa hili si la mwalimu, lakini limeniuma na sikujua niliandike wapi.

4. Ng'ombe wa Luberizi huinamisha kichwa mpaka kwenye mmea wenyewe. Kwa hiyo wanaufahamu kuliko mwalimu. Kama magoti yake hayakunjiki, naomba ng'ombe mmoja awekwe kati ya watahini. Awe ameshiba.

5. Kwa kuwa huenda maua mengi yamepitwa namna hii, naomba utoe agizo: walimu wote watembee kwa magoti, kutoka langoni mpaka darasani, hadi kila mmea wa Kivu Kusini upate jina. Mwalimu wa hesabu asamehewe, yeye ni mfupi.

Nisalimie Maman, mkeo, sekretari, Sista wa maktaba, na Gentil pia.

Mwanafunzi wako mtiifu,
Eulalie Bisimwa

P.S. Kabla sijafunga bahasha, Mwalimu Bulonza alikubali ombi langu, tukarudi Luberizi pamoja na mama yangu. Alipiga magoti bila kunung'unika, akashika lenzi na kitabu, akatafuta kwa muda mrefu sana. Ua lilikuwa chini ya goti lake la kushoto. Alilitambua baadaye, likiwa limegandamana na suruali: ni adimu kweli. Suruali itakwenda kwenye mashindano, nami nitaisindikiza. Naomba walimu wote wasimame.